Jinsi ya Kuzisoma Taarifa za TMA na Kuzifanyia Kazi Kabla Mvua Haijafika Mlangoni

Taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, husomwa redioni kila siku na kuzunguka kwenye simu zetu saa zote, na bado kila masika kuna nyumba zinazoingia maji huku wenyewe walikuwa wamesikia. Taarifa iliwafikia, ila hawakujua neno "angalizo" linawataka wafanye nini, na wakimalize kufikia saa ngapi. Hapa tunaeleza namna ya kuigeuza sentensi ya utabiri iwe kipimo unachokijua kwako na kazi yenye saa yake.

Kila taarifa na kazi yake

Kosa la kwanza ni kuchukua taarifa ya aina moja na kuitumia kwa kazi ya nyingine. Utabiri wa msimu ni wa maamuzi ya miezi: mbegu gani, pembejeo kiasi gani, mtaro uzibuliwe lini. Hautakuambia kama Jumanne ijayo uanike mpunga. Kwa hilo kuna utabiri wa saa 24, ule unaoanza kuhesabiwa saa 3 usiku hadi saa 3 usiku ya kesho yake. Usisahau saa hiyo. Mtu akisikia "mvua na ngurumo" kwenye taarifa ya habari ya jioni hudhani ni mvua ya usiku huo tu, kumbe inaweza kuwa ya kesho alasiri. Katikati ya hizo mbili ipo taarifa ya kilimo ya kila siku kumi, ambayo wakulima wengi hawaijui ingawa ndiyo inayolingana na ratiba ya palizi na mbolea.

Taarifa ya nne, ambayo ndiyo tutakaa nayo zaidi, ni utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa siku tano. Hutolewa kila siku na hupatikana kwenye tovuti ya mamlaka, meteo.go.tz, na kwenye kurasa zake za mitandao ya kijamii.

Kabla ya kuendelea, hakikisha unajua uko kwenye eneo la msimu gani. Ukanda wa Ziwa Victoria, nyanda za juu kaskazini mashariki, pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, na kaskazini mwa mkoa wa Kigoma hupata misimu miwili: Vuli, Oktoba hadi Desemba, na Masika, Machi hadi Mei. Magharibi, kanda ya kati, nyanda za juu kusini magharibi, Ruvuma, Lindi na Mtwara hupata mvua za Msimu, Novemba hadi Aprili. Mkulima wa Mbinga anayesikia kwamba Masika yatakuwa chini ya wastani akaanza kupunguza eka zake anafuata utabiri usiomhusu. Wake ni ule wa Msimu.

Kuisoma taarifa ya siku tano

Taarifa hii ina ramani moja kwa kila siku na maelezo pembeni. Siku isiyo na hatari huandikwa "hakuna tahadhari". Siku yenye hatari huwa na rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Chini yake kuna mistari mitatu ambayo wengi huiruka na ndiyo yenye uzito: uwezekano wa kutokea, kiwango cha athari, na athari zinazoweza kutokea.

Rangi huja kwa kuunganisha mistari miwili ya mwanzo. Kwa hiyo njano ya leo si lazima iwe sawa na njano ya juzi. Njano moja inaweza kumaanisha kwamba athari ni ndogo lakini zina uhakika mkubwa wa kutokea: barabara kujaa maji, daladala kuchelewa. Njano nyingine inaweza kumaanisha athari kubwa yenye uwezekano mdogo. Hii ya pili ndiyo huwakuta watu wamekaa, kwa sababu wameangalia rangi pekee. Ukiona "uwezekano: chini, athari: juu", rudi kuiangalia taarifa mpya kila siku, maana uwezekano ukipanda rangi itabadilika haraka, na muda wa kujiandaa utakuwa umekwisha.

Mstari wa tatu unaeleza kile kinachotarajiwa kutokea juu ya ardhi, mathalani "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji" au "kuathirika kwa shughuli za uvuvi". Usiusome kama maneno ya mazoea. Jiulize: je, katika "baadhi ya makazi" hayo, langu limo? Kama nyumba yako iko bondeni, au maji yalifika mlangoni kwenye mvua ya miaka miwili iliyopita, jibu ni ndiyo, nawe ujihesabie rangi moja juu zaidi: njano kwako ni chungwa. TMA hutoa taarifa kwa mkoa au sehemu ya mkoa. Haiwezi kujua kwamba kalavati la mtaa wenu limeziba. Hilo unalijua wewe.

Kuna vipimo ambavyo taarifa hizi huvirudia, na vinafaa kukaa kichwani. Mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Upepo mkali ni ule unaofikia kilometa 40 kwa saa. Mawimbi makubwa ni yanayofikia mita 2.

Milimita 50 ni maji kiasi gani

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ukilishika hilo, utabiri wowote unaweza kuugeuza kuwa ndoo.

Chukua paa la mabati la mita 8 kwa 6. Ni mita za mraba 48. Mvua ya milimita 50 italimwagia lita 2,400, yaani ndoo 120 za lita 20. Pipa lako la lita 200 chini ya mfereji wa bati litajaa kabla mvua haijafika milimita 5. Milimita 45 zinazobaki, zaidi ya lita 2,000, zinamwagikia msingi wa nyumba kama pipa halina bomba la kutolea maji mbali. Nyufa nyingi kwenye kona za nyumba zetu zinaanzia hapo, na bomba la mita 3 lingezizuia.

Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kitapokea lita 20,000, sawa na maboza mawili ya lita elfu kumi yaliyofunguliwa uani. Ardhi ya kichanga inaweza kumeza sehemu kubwa. Ua uliosakafiwa haumezi kitu. Kwa hiyo mtu aliyesakafia ua wake wote bila kuweka mahali pa maji kutokea amemhamishia jirani wa chini maboza hayo mawili. Hesabu hii ni nzuri kuifanya pamoja, nyumba kumi za mteremko mmoja, kabla ya Machi.

Muda nao unabadilisha mambo. Milimita 50 za kunyesha taratibu usiku na mchana zinaweza kupita bila shida. Zile zile zikishuka kwa saa moja na nusu, hakuna mtaro wa mtaani utakaozibeba. Taarifa ikisema "vipindi vya mvua kubwa", jiandae kwa hii ya pili.

Tena, maji yanayoingia kwako yanaweza kuwa ya mvua iliyonyesha kwingine. Mto Msimbazi unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, kwa hiyo mkazi wa Jangwani au Kigogo anatakiwa asome mkoa wa Pwani kama anavyosoma Dar es Salaam. Aidha, bahari ikiwa imejaa, na hasa siku za bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida, maji ya mto hayana pa kwenda. Mvua ya kawaida ikikutana na maji kujaa inafurisha kama mvua kubwa. Angalia jedwali la maji kujaa na kupwa pamoja na utabiri. Watu wa Rufiji na Kibiti, ambao mafuriko ya Aprili 2024 yaliwapata vibaya, wanapokea maji ya Kilombero na Ruaha Mkuu. Mvua za Morogoro, Iringa na Mbeya ni habari yao hata kama kwao jua linawaka.

Ratiba ya nyumba, rangi kwa rangi

Maamuzi yafanywe jua likiwaka. Saa 8 usiku maji yakiwa kwenye magodoro hakuna anayefikiri vizuri. Andika karatasi moja, ibandike nyuma ya mlango, na kila mtu mzima wa nyumba aisome.

Kwenye angalizo fanya kazi zisizo na gharama. Zoa taka kwenye mtaro ulio mbele ya nyumba na mdomo wa kalavati. Taka zisirundikwe pembeni ya mtaro, kwa maana mvua itazirudisha palepale. Chaji simu. Vyeti, hati ya kiwanja, kitambulisho cha NIDA na kadi ya bima viingie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, mfuko uingie kwenye ndoo yenye mfuniko, ndoo ikae juu ya kabati. Jaza maji safi ya kunywa ya siku tatu, kwa sababu baada ya mafuriko visima na mabomba ndivyo huharibika kwanza: vyoo vya shimo hufurika na kipindupindu hufuata. Maji utakayoyatumia baada ya hapo yachemke mpaka yatokote sawasawa, au yatiwe vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Kwenye tahadhari fanya kazi zinazokugharimu muda. Pandisha unga, mchele, magodoro na jiko juu ya meza au darini. Hamisha mifugo kutoka mabondeni kabla ya giza. Ahirisha safari inayovuka mto usio na daraja la uhakika. Wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto wadogo walale kwa ndugu aliye juu ya mteremko. Wao ndio wasioweza kukimbia, hivyo wao huondoka rangi moja kabla ya wengine.

Kwenye tahadhari kubwa, kama uko bondeni au chini ya mlima unaoporomoka, ondoka. Zima swichi kuu ya umeme kabla ya kutoka, kama bado umesimama pakavu. Ukiwa tayari umekanyaga maji, usiiguse.

Rangi peke yake haitoshi, kwa sababu mvua nyingine huja kali kuliko ilivyotangazwa. Weka alama yako mwenyewe. Tafuta mahali panapoonekana kutoka dirishani: nguzo, ukuta wa kalavati, shina la mnazi. Piga mstari wa rangi nyeupe mahali ambapo maji yakifika bado una muda wa kuondoka. Kuujua muda huo, fanya zoezi mara moja: toka na familia nzima, mizigo mkononi, mpaka mahali pa usalama, na tazama saa. Kama mlitumia dakika 20 mchana, weka dakika 40 za usiku. Maji yakigusa mstari, hakuna mjadala.

Njiani kumbuka vipimo vitatu. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15, yaani juu kidogo ya kifundo, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuiinua gari ndogo. Sentimita 60 huchukua hata magari makubwa ya familia. Na chini ya maji ya tope huwezi kuona kama barabara bado ipo.

Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 kutoka Mlima Hanang yaliifunika Katesh asubuhi, baada ya mvua kubwa. Haya mawili yanafundisha mambo tofauti. Maji ya mto hupanda kwa hatua na yanaweza kutazamwa kwa mstari wa rangi. Tope la mlimani halikupi hatua. Ukiishi chini ya mteremko mkali, dalili zako ni nyufa mpya ardhini, miti na nguzo zinazoinama, chemchemi iliyogeuka tope ghafla, au kijito kilichopungua maji wakati mvua inanyesha. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote: maana yake huko juu kuna kitu kimeziba, na kitakapoachia kitashuka kwa pamoja. Ukiiona, kimbia kwenda pembeni, kuelekea kwenye kilima cha kando, usifuate bonde kushuka. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Upepo una maandalizi yake. Bati huanza kung'oka kwenye ncha za paa na kwenye kofia, ambako upepo huingia chini yake na kulinyanyua. Kaza misumari ya bati maeneo hayo kwanza, na funga kenchi kwenye ukuta kwa waya. Mawe juu ya bati hayasaidii kitu: upepo wenye nguvu ya kulinyanyua bati utayatupa na mawe.

Radi tuseme kwa kifupi. Ukiona mwanga, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilometa moja. Zikiwa chini ya 30, radi iko ndani ya kilometa 10 na inaweza kukufikia: ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa, usikae chini ya mwembe. Toka dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Baharini na ziwani

Kwa mvuvi, namba mbili zinaamua: kasi ya upepo na urefu wa mawimbi. Urefu unaotangazwa ni wastani wa yale mawimbi makubwa, theluthi ya juu. Kwa hiyo taarifa ya "mita 2" inaruhusu wimbi moja moja linalokaribia mara mbili ya hapo. Nahodha anayesema "mita 2 chombo changu kinaweza" anatakiwa ajiulize kama kinaweza karibu mita 4, mara moja, ubavuni, usiku.

Soma pia mwelekeo. Upepo ukienda kinyume na mkondo, mawimbi husimama: yanakuwa mafupi, makali, yanayofuatana bila kupumua. Ndiyo maana kuvuka mlango wa bahari wa Zanzibar saa ya maji kuvuta dhidi ya upepo ni kugumu kuliko namba inavyoonyesha. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likishika, kuanzia mwezi wa tano na wa sita, siku za upepo mkali huja mfululizo. Ngalawa na mashua ndogo zipange safari za asubuhi mapema, kabla upepo wa mchana haujaongezeka nguvu juu ya kusi.

Ziwa Victoria lina tabia yake, na asiyeijua hufa kwa ajili yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo huvuma kutoka ziwani, na mvua za radi hujengeka juu ya ardhi alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, upepo hutoka pande zote za ufukwe na kukutana katikati ya ziwa, ambako maji bado yana joto. Hewa haina pa kwenda ila juu. Dhoruba huzaliwa pale pale, kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri, yaani saa zile zile ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini na taa zao, hasa siku za giza. Anga safi la jioni pale mwaloni halina ahadi yoyote juu ya saa 9 usiku. Mvuvi asome utabiri wa ziwa kabla ya kuondoka, aache neno nchi kavu anakokwenda na saa ya kurudi, avae jaketi la kuokolea badala ya kulikalia, na simu iwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa. Taa za radi zikionekana upande wowote, zivute nyavu mapema. Dhoruba ya ziwani hutanguliwa na mvumo wa upepo wa baridi unaoweza kukifikia chombo kabla ya tone la kwanza la mvua.

Kimbunga ni jambo la nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na ikweta, lakini nadra haimaanishi hakiji. Zanzibar ilipigwa mwaka 1872, Lindi mwaka 1952, na Mei 4, 2024 kimbunga Hidaya kiliingia Mafia. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga. Kimbunga kikikaribia, TMA hutoa taarifa kadhaa kwa siku. Katika kila moja chukua vitu vitatu: kiko umbali gani kutoka pwani, kinaelekea wapi, na kimesogea kiasi gani tangu taarifa iliyopita. Kama kilikuwa kilometa 400 asubuhi na kilometa 300 baada ya saa 6, kinakuja kwa takriban kilometa 17 kwa saa, na kitovu chake kina saa 18 kufika. Upepo na mvua hutangulia, kwa hiyo una nusu ya muda huo kumaliza kila kitu.

Kuna jambo jingine. Upande huu wa dunia vimbunga huzunguka kama mishale ya saa. Kikiingia kutoka mashariki, watu walio kusini mwa kitovu chake ndio wanaopigwa na upepo unaosukuma bahari kuingia nchi kavu. Aliye kaskazini hupata upepo unaotoka nchi kavu. Kwa hiyo "kimbunga kitaingia kaskazini yetu" si habari njema kwa kijiji cha pwani. Na hata kikiwa mbali, karibu na Madagaska au Msumbiji, kinaweza kubadilisha mvua zetu kwa kuvuta unyevu kuelekea kwake, pwani ikakauka wiki nzima katikati ya masika.

Utabiri wa msimu: "wastani" ni nini

Vuli hutabiriwa karibu na mwisho wa Agosti, Msimu karibu na mwisho wa Oktoba, Masika kati ya Januari na Februari. Maneno matatu hutawala: chini ya wastani, wastani, juu ya wastani. Wastani ni kati ya asilimia 75 na 125 ya mvua ya kawaida ya muda mrefu ya eneo lako. Kama kwenu Vuli hutoa milimita 300, basi "wastani" ni chochote kati ya 225 na 375. Huo ni upana mkubwa. Mkulima wa mahindi aliyepata 225 na mwenzake wa 375 wote wametabiriwa sawa, lakini mmoja amevuna nusu gunia.

Kwa hiyo usiishie kwenye neno hilo. Tafuta tarehe za kuanza na kuisha kwa mvua, na kama utabiri unataja mtawanyiko usioridhisha au vipindi virefu vya ukavu. Mvua ya jumla inaweza kuwa ya wastani huku theluthi yake imenyesha kwa siku tatu. Ndiyo maana hata msimu wa chini ya wastani unaweza kufurisha, na ukitangazwa usiache kuzibua mitaro.

Kwenye kupanda, hatari kubwa ni mvua inayodanganya: milimita 15 za siku moja, kisha wiki mbili za jua, mbegu imeota na kufa. Kipimo kinachotumika sana ni milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, bila kufuatiwa na ukavu wa zaidi ya siku kumi. Sehemu ya kwanza utaipima mwenyewe. Ya pili utaitafuta kwenye utabiri wa siku kumi. Chimba kidogo kwa jembe pia: unyevu ufike sentimita 15 ndipo upande. Mvua zikitarajiwa kuisha mapema, chagua mbegu ya muda mfupi au punguza mahindi uongeze mtama. Mbolea ya kukuzia isiwekwe siku moja kabla ya mvua kubwa, itaondoka na maji. Dawa ya wadudu nayo isipulizwe kama mvua inatarajiwa saa chache baadaye. Wakati wa mavuno tafuta siku nne au tano zisizo na mvua kabla ya kuanika, kwa sababu mahindi yaliyolowa tena baada ya kukatwa ndiyo yanayopata sumukuvu.

Kipimamvua cha chupa

Mvua za kwetu hazilingani hata ndani ya kata moja. Kipimo cha kituo cha uwanja wa ndege hakikuelezi shamba lako, hivyo tengeneza chako.

Chukua chupa ya plastiki ya lita 1.5 yenye ubavu ulionyooka. Ikate pale inapoanza kuwa nyembamba. Ndani weka kokoto, mimina saruji laini mpaka ifunike mabonde yote ya kitako, acha ikauke ikiwa sawa. Sehemu ya juu uliyoikata igeuze kichwa chini, iingize mdomoni kama faneli. Itapunguza maji kupotea kwa jua. Bandika rula nje, sifuri ikae sawa na uso wa saruji. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu rula nyingi zina nafasi tupu kabla ya sifuri. Ikate nafasi hiyo.

Ifunge kwenye mti wa kusimika, karibu mita 1 kutoka ardhini, mdomo ukiwa mlalo kabisa. Iwe mbali na nyumba au mti kwa angalau mara mbili ya urefu wa kitu hicho: mwembe wa mita 6, kaa mita 12. Soma kila siku saa 3 asubuhi, andika, mwaga, rudisha. Milimita za kwenye rula ndizo milimita za mvua, ilimradi mdomo na tumbo la chupa vina upana mmoja. Ukitumia faneli pana zaidi, gawanya: faneli ya sentimita 12 juu ya chupa ya sentimita 8 ni 12 kwa 8, sawa na 1.5; ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2.25. Maji ya milimita 45 kwenye chupa hiyo ni mvua ya milimita 20.

Yanayowapotosha watu

Ujumbe wa zamani ndio adui mkubwa. Ramani ya mwaka uliopita husambazwa tena ikiwa na nembo sahihi kabisa. Kabla ya kuusambaza, tafuta tarehe ya kutolewa na tarehe za siku tano zilizotajwa. Zisipokuwepo, fungua tovuti ya TMA. Programu za simu zinazoonyesha wingu na asilimia kwa kila saa hutoa hesabu za kompyuta za dunia nzima, nyingi hazina mtaalamu aliyezipitia na hazitoi tahadhari za nchi. Zinaweza kukusaidia kuanika nguo. Zisitumike kuamua kama familia ilale bondeni.

"Walisema mvua, haikunyesha" ni lalamiko la haki wakati mwingine, lakini rudi kwanza kwenye maneno. "Maeneo machache" maana yake wengi hawataipata. Mtu akipuuza mara tatu kwa sababu hiyo, ya nne itamkuta.

Baada ya kila mvua kubwa andika mambo matatu kwenye daftari: taarifa ilikuwa ya rangi gani, chupa ilisoma milimita ngapi, na maji yalifika wapi kwenye ile nguzo yenye mstari. Misimu miwili mitatu ikipita utakuwa na namba ya nyumba yako, mathalani kwamba maji huingia uani mvua ikipita milimita 35 na hufika mlangoni ikipita 60. Nakala yake mpelekee mwenyekiti wa mtaa na ofisa ugani wa kata, maana kamati inayopanga nani aondolewe kwanza inahitaji namba kama hizo kutoka kila mteremko.